Pete iko ziwani Ruziba, askari watatu wako nyuma yangu

Leo askari watatu wamenitanguliza njiani ili bomu, kama lipo, linikute mimi kwanza.

Mi nilienda Ruziba kutafuta pete ya ndoa ya mke wangu. Ilimtoka kidoleni Jumapili akioga ziwani.

Shemeji Hamisi alikuwa ananifundisha kutumia mashine yake ya kusikia chuma chini ya maji. Somo la kwanza kabisa! Maji kifuani, mashine imelia mara kumi na moja, nimetoa misumari kumi na moja.

Mara sauti ya askari kutoka ufukweni: "We! Unatega bomu?"

"Apana, shefu. Natafuta pete."

Wakatutoa majini wote wawili, wakaikagua mashine, wakanong'onezana. Mkubwa wao akasema: "Kama inasikia chuma, tembea mbele yetu mpaka barabarani."

"Shefu, mi ndiyo kwanza najifunza."

"Basi leo ni mutihani."

Nilihesabu kila hatua. Ya thelathini na nne, mashine ikalia.

Askari wote chini. Shemeji naye chini, tena wa kwanza! Mi peke yangu nimesimama, mguu mmoja hewani.

"Fukua," akasema mkubwa, kidevu bado mchangani.

Nikafukua kwa vidole viwili.

Kifuniko cha bia.

Mnacheka? Hata wao walicheka. Halafu wakabaki na mashine: "Kesho saa mbili asubuhi urudi. Kuna njia ingine."

Nisiporudi, shemeji amepoteza mashine na mke wangu amepoteza pete. Nikirudi, mnajua wenyewe.

Ungekuwa we, ungeenda?