Funda la Maji la Nakeno

Nakeno Apua haiangalii kamera. Anaangalia jerikeni zake nne zilizopangwa kwenye kivuli cha bati mjini Kakuma, mbuzi wasije wakaziangusha. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1945. "Hiyo waliandika wao," anasema.

Amechota maji maisha yake yote. Mei 1963, miezi saba kabla ya Mwingereza kushusha bendera, alikuwa akiyachota kwenye mchanga wa mto Tarach kwa ajili ya kituo cha kupigia kura. Wafugaji walikuwa wakichagua Bunge ambalo lingeshika nchi katika miezi hiyo ya makabidhiano. Nakeno hakuruhusiwa kupiga kura. Hakuwa ametimiza miaka ishirini na mmoja. Lakini babake, Apua, alikuwa kwenye foleni. Alikuwa ameacha mifugo na kutembea siku tatu.

Msimamizi wa kituo, karani mmoja wa Kisumu aliyeitwa Opondo, alikuwa na sheria moja asiyoweza kuipinda: kura ni siri. Mpiga kura wa kwanza, Lochakapong, alitoka nyuma ya turubai na kutangaza jina la mtu wake kwa sauti ya kuitia ngamia.

"Mzee! Siri!" Opondo alifoka, na Nakeno, aliyejifunza Kiswahili kwa kuwauzia askari maziwa, akatafsiri.

"Nimeiba mbuzi wa nani mpaka ninong'one?"

Foleni nzima ikacheka. Katika baraza lao, mwanamume husema neno lake mbele ya watu. Wa pili naye akatangaza. Wa tatu akaongeza sifa za fahali wake.

Opondo akafunga daftari. Akitangaza mmoja tena, alisema, kituo kinafungwa, na sanduku litarudi Lodwar na kura tatu.

"Karani, nipe mlango," Nakeno alisema.

"Wa nini, binti?"

"Wa kuingilia. Nitawanywesha."

Akaanza na babake. Alimpa kila mtu funda moja la maji, kwa sharti kwamba asilimeze mpaka avuke ua wa miiba uliozunguka kituo. Mvua zilikuwa zimekosa, na hakuna ambaye angetema maji mchangani. Watu wazima wenye manyoya ya mbuni kichwani walipita mbele ya karani mashavu yamevimba, wakapiga kura, wakavuka ua, wakameza. Lochakapong alirudi kwenye foleni kutafuta funda lake. Akafukuzwa.

Jioni Landrova ilielekea Lodwar na sanduku limejaa. Tangu hapo Nakeno amepiga kura katika kila uchaguzi alioweza kufika, na hajamwambia mtu amemchagua nani.

Na babake, alimchagua nani siku ile?

"Nilimuuliza njia nzima mpaka nyumbani," anasema, akiisogeza jerikeni mbali na mbuzi. "Ungedhani bado ana maji mdomoni."