Cheo cha Baba Mkwe Melini

Diploma yangu ya utunzaji wa nyaraka imetundikwa sebuleni kwangu Tanga, mkabala na mlango, ili anayeingia asihangaike kuitafuta. Niliisomea London huku nikifanya kazi za zamu ghalani, sikubebwa na mtu. Ndiyo maana mzee wa Kizanzibari aliyenipangisha chumba kule Woolwich hakumwamini mwingine kumtafutia habari za meli ya baba yake.

Meli hiyo aliisimulia kila Jumapili. Ilijengwa baina ya vita viwili vikuu, ikabeba matajiri kati ya London na Mombasa, ikiwa na ukumbi wa dansi na mabafu ya marumaru. Vita vilipoanza ikapakwa rangi ya kijivu, machela za kulalia zikafungwa humohumo ukumbini, ikasheheni askari. Vita vilipokwisha ilikuwa hoi, ikauzwa chuma chakavu. Na humo, kwa maelezo yake, baba yake alikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia. Kwa cheo hicho cha baba, mzee alimposa mkewe, na kwa cheo hicho hakugusa ufagio maisha yake yote. Mtoto wa serahangi hafagii.

Niliwaandikia watunza nyaraka za meli barua moja tu, kwa Kiingereza kilichonyooka, nakala ya orodha ya mabaharia ikaja. Nikaombwa niisome mbele ya mkewe na mjukuu wao. Nikaliona jina la marehemu, na mbele yake, penye cheo, neno moja. Neno hilo diploma haikunifundisha. Nikalitamkia puani, kama Mwingereza: “Topass.”

Mjukuu akauliza, kwa Kiingereza, kama ndicho kile kito cha manjano, topazi. Nikajibu huenda. Mzee akajinyoosha kitini, akasema siku zote alijua kwamba baba yake alikuwa johari.

Bibi akaniomba nilitaje herufi moja moja. Nikalitaja. Akalirudia taratibu, kisha akaweka kikombe chini.

“Topasi,” akasema. “Msafisha vyoo. Bwana weye, miaka yote hii nasugua choo peke yangu, kumbe fundi ninaye ndani.”

Alicheka hadi ushungi ukamteleza. Mzee hakucheka. Aliishika karatasi, akaniuliza mimi msomi kama askari walikuwa wengi melini. Nikasema maelfu. Na bahari ilichafuka? Nikasema sana.

“Basi bila baba yangu wangekufa kabla ya kuiona hiyo vita.”

Jumapili iliyofuata aliisimulia meli upya, akaanzia vyooni, kwa fahari ileile. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, akamkabidhi brashi ya choo. Akaipokea, akaigeuzageuza, akalalamika kwamba mpini wake ni mfupi.