Okidi Iliyolishwa Samadi

Mwezi uliopita nilikuwa kaunta ya ofisi ya kilimo, Nkwenda, nikingoja kibali cha miche ya kahawa, walipoingia watu watano wa kikundi cha wapenda maua. Walikuwa wamechagua okidi moja ya kuotesha pamoja: ile nyeupe ambayo mwenzao, mwalimu mstaafu, aliiokoa kwenye mti uliokatwa kwa mkaa. Nyingine kama hiyo hawajaiona. Mama huyo alikuwa ameikumbatia, bado imeng'ang'ania kipande cha gome la mti, mizizi ikining'inia hewani.

Bwana shamba aliitazama kwa huruma. "Shikamoo, mwalimu. Mbona mmeiacha na njaa?"

"Marahaba. Hii haili udongo, baba. Inakaa juu ya mti."

"Mwalimu, sote tumelelewa na migomba. Kuna mmea uliowahi kukataa samadi?"

Wenzake walitazamana. Kila mmoja ana kibanja cha migomba, na huku kwetu anayebania samadi huitwa mvivu. "Kidogo tu, mama," mmoja alisema kwa upole. Wakapiga kura. Mikono minne ilinyooka. Ya mwalimu ilikuwa imeshika ua.

Jana niliwakuta tena pale kaunta. Okidi ilifukiwa kwenye samadi hadi shingoni, ikatandazwa majani makavu ya migomba, ikaoza kwa kushiba. Bwana shamba alikuwa amegundua kosa: walichagua aina dhaifu. Akawapa fomu wachague nyingine.

Mwalimu aliipokea. Kwenye nafasi ya jina la ua akachora mstari mmoja mrefu, akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, akairudisha.

Ilipigwa muhuri.