Matofali Meusi ya Nyuma ya Jiko

Rupert Komba alifanya kazi masjala kwa miaka thelathini na moja. Kazi yenyewe ilikuwa kutoa faili kabatini, kulipeleka kwa mwenye uamuzi, kisha kulirudisha kabatini. Alipostaafu akaanza kuzungumza kana kwamba maamuzi yote yale yalikuwa yake. Hapa mtaani kwetu Lizaboni amewahi kumweleza daktari wa mifugo namna ya kutibu kuku, na kumweleza padri urefu unaofaa wa mahubiri. Mimi ni jirani yake. Ukuta mmoja unatutenganisha, na sauti yake haijawahi kuuona ukuta huo.

Mkewe, Fortunata, alikuwa na ombi moja. Mama yake, Bibi Fausta, alikuwa akiishi kijijini upande wa Madaba, macho yamepungua nguvu na mguu wa kushoto unaburuta. Machi ya mwaka juzi alikuja kukaa nao, na siku ya tatu akateleza kwenye marumaru ya sebuleni. Alilazwa wiki mbili. Alipotoka hospitali aliomba arudishwe kwake. "Mimi sikai juu ya kioo," alisema. Tangu siku hiyo Fortunata alitaka sakafu isiyoteleza, ili mama yake aje aishi naye kabla macho hayajafunga kabisa. Rupert alimjibu kwamba marumaru hayana kosa. Wenye kosa ni watu wasiojua kutembea.

Kisha akaona kwenye simu yake nyumba moja ya Ulaya iliyotandikwa matofali ya kuchoma ndani, na paka amelala juu yake. Jioni hiyo hiyo marumaru yakawa ushamba.

"Tunatandika matofali," alimtangazia mkewe.

"Kwa hiyo mama hatateleza?"

"Mama yako ameingiaje hapa? Nazungumzia mtindo."

Fortunata alikuwa amepata alichokitaka, na sababu za mumewe hakuzihitaji.

Septemba tukashuka bondeni kwenye tanuri: Rupert, Fortunata, fundi Osmund, na mimi niliyebebwa niwe shahidi. Tanuri halipiki sawasawa, na kila mtu aliyewahi kuchoma tofali analijua hilo. Matofali yaliyokaa karibu na moto hutoka meusi na magumu, mengine yamepinda kidogo. Ya ganda la nje hupapaswa na joto tu. Yanapata rangi nzuri ya chungwa, lakini ndani bado ni udongo.

Osmund alichukua mawili meusi akayagonganisha. Yakalia kama bakuli la chuma. Akachukua mawili ya rangi ya chungwa. Yakasema pu, kama maboga.

"Haya ni mkate, mzee," alisema. "Ukiyaweka ndani mtayala kwa nyayo."

"Wewe umesoma wapi?"

"Hapa hapa, kwenye moshi."

"Sasa mimi nimeyaona ya Ulaya. Yana rangi moja. Siwezi kuweka sebuleni kwangu kitu kilichoungua kama ukoko wa ugali."

Mwenye tanuri alikuwa anauza kwa lori, mchanganyiko. Kwa hiyo lori lilipofika nyumbani, Rupert aliketi kwenye kigoda akaanza kuchagua kama mtu anayechambua mchele: ya rangi ya chungwa yaingie ndani, meusi yatupwe nyuma ya jiko, labda yatajengea banda la kuku. Meusi yalifika mia nne na ishirini. Niliyahesabu kwa sababu yaliegemezwa kwenye ukuta wangu.

Osmund aling'oa marumaru kwa siku mbili, akamwaga mchanga, akaushindilia, akavuta kamba. Alipanga matofali kwa kuyalaza, moja likivukana na jingine kama ukili wa mkeka. Ilikuwa kazi safi kupita matofali yenyewe. Rupert aliketi mlangoni na simu mkononi akisimamia.

"Sogeza kushoto kidogo."

"Kushoto ni ukuta, mzee."

"Ndiyo, basi hapo hapo."

Jumamosi iliyofuata alialika jumuiya yetu ya kanisa kusali kwake, ingawa zamu haikuwa yake. Tuliacha viatu nje kama kawaida, tukaingia, tukasali. Tulipoinuka kuondoka, Imaculata, katibu wetu, aliinua mguu mmoja mlangoni avae kiatu, akabaki ameuinua. Soksi yake ilikuwa nyeupe alipoingia. Sasa unyayo wote ulikuwa mwekundu.

"Baba Derick," alimwambia Rupert, "tumekuja kusali au kukanyaga pilipili?"

Tukatazama nyayo zetu. Watu kumi na saba, nyayo thelathini na nne, zote nyekundu.

"Hiyo ni rangi asilia," Rupert alijibu bila aibu hata chembe. "Wenzetu wanailipia."

Kesho yake Fortunata alipiga deki. Ndoo ya kwanza ilitoka kama togwa ya ulezi, ya pili vile vile, ya tatu vile vile. Hadi Ijumaa, mbele ya mlango palikuwa na shimo la kutosha kutagia kuku. Rupert alikagua shimo, akatoa uamuzi wa kimasjala kabisa: deki ipigwe marufuku. Kisha akanunua vanishi.

"Usipake, Baba Derick," Fortunata alimwomba, na safari hii nilimsikia yeye kupitia ukuta, mtu ambaye huwa hasikiki. "Mama anakuja wiki ijayo. Anakuja kutembea, haji kujitazama uso."

Osmund naye alipoulizwa alisema vanishi juu ya mkate ni siagi tu. Rupert akapaka sebule, akapaka ukumbi, akapaka na chumba kidogo alichoandaliwa bibi. Mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Ukisimama mlangoni ungeweza kujitazama humo ukanyoa ndevu.

Bibi Fausta alishuka basi Alhamisi ya pili ya Oktoba.

"Shikamoo, mama," Rupert alimlaki. "Karibu uone kazi."

"Marahaba, baba."

Alivua ndala, akatanguliza fimbo. Fimbo ikakimbia mbele peke yake, na kama Fortunata asingemdaka kwapani tungerudi hospitali siku hiyo hiyo. Bibi alisimama kizingitini hadi pumzi zikatulia.

"Mwanangu, uliniambia mmekitoa kile kioo."

"Tumekitoa, mama."

"Basi kimerudi kimevaa nyekundu."

Hakuingia. Alitandikiwa godoro jikoni, jiko la nje lenye sakafu ya udongo, akasema Jumatatu atapanda basi la kurudi na wasimsumbue tena. Fortunata alikaa naye pale, akichambua mboga ambazo zilikwisha chambuliwa. Rupert alitamka kwamba wazee wa vijijini hawapendi maendeleo.

Ijumaa alfajiri alikwenda Mbinga kwenye msiba wa mwenzake wa masjala. Nasikia kwa siku mbili aliwaelekeza wachimba kaburi. Basi lake lilipoondoka tu, Fortunata alipiga simu akiwa amesimama nyuma ya jiko.

"Osmund, yale meusi bado yapo."

"Na mzee?"

"Mzee yuko msibani. Wewe njoo."

Mimi nilitoa toroli. Imaculata alikuja na wanawake wawili wa jumuiya, bila soksi. Waling'oa chumba cha bibi na ukumbi hadi mlango wa nyuma. Mengi ya yale ya rangi ya chungwa yalivunjikia mikononi. Meusi yalikuwa magumu kupanga kwa sababu yamepinda, hivyo Osmund aligeuza kila moja hadi likubali, kisha akafagilia mchanga laini kwenye mapengo. Jumamosi jioni ilikuwa tayari. Haikupendeza kama picha ya kwenye simu. Ilikwaruza nyayo kidogo.

Fortunata alimshika mama yake mkono hadi mlangoni. Bibi alinyoosha fimbo, akagonga tofali la kwanza, akatega sikio. Akagonga la pili.

"Hili linaitika," alisema, akauachia mkono wa bintiye.

Alikwenda hadi kitandani, akagusa ukuta, akarudi. Jumatatu basi liliondoka bila yeye.

Rupert aliporudi aliuliza nani ametoa kibali. Fortunata aliendelea kusonga ugali. Jumuiya ilipokutana tena tayari alikuwa na maelezo: yale meusi aliyahifadhi makusudi, kwa ajili ya mzazi. Sebule amekataa isiguswe, ni kazi yake. Wageni siku hizi hupitia mlango wa nyuma moja kwa moja hadi kwa bibi, wanaketi mkekani, chai inaletwa huko. Mwenye nyumba hubaki sebuleni na vanishi yake, na akitaka chai huja akitambaa na ukuta, viganja vyote viwili vimeushika.

Bibi Fausta haoni vizuri, lakini mwendo huo anausikia.

"Mkwe," humwita, "fimbo yangu iko hapo mlangoni. Ichukue, mimi siihitaji."