Tairi Lililoombewa Jumatatu

Lenox Were aliitikia "Amina" yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kutukanwa mtu huzoea, hasa mwenye kuendesha pikipiki katika mji huu wa Nairobi, ambako kila mwenye gari humwona kama nzi. Lakini kusimama katikati ya wenzako, macho umefumba, ukasikia unaitwa mwizi mbele za Mungu, halafu mdomo wako mwenyewe ukaitikia Amina kwa mazoea! Jamani, hiyo ni dharau ya namna gani?

Lenox alikuwa mpeleka mizigo wa kiwanda kimoja cha uchapishaji pale River Road. Aliingia Nairobi kutoka Butere akiwa kijana wa kubeba makatoni mgongoni, akajifunza pikipiki kwa kuanguka, na tangu akabidhiwe ile ya ofisi hakuwahi kupoteza hata kadi moja ya harusi. Alipeleka kalenda, vitabu vya risiti, ratiba za mazishi na kadi, na wateja wengi walikuwa Karen, kule kwa matajiri. Kwa hiyo njia yake ilikuwa ile ile, River Road, Ngong Road, Dagoretti Corner, Karen, na kurudi. Na watu wa Karen wanapenda karatasi nzito. Mtu anaoa mara moja tu, lakini kadi zake utadhani anajenga nyumba.

Makaratasi hayo yote yalikaa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa upande mmoja tu wa pikipiki, kushoto. Kulia kulikuwa na bomba la moshi, na sanduku la kukaa juu Mzee Kibe alikataa kulinunua. Mzee Kibe ndiye aliyekuwa msimamizi wa kiwanda, mzee wa kanisa pia, mtu wa koti na tai hata siku ya jua kali. Yeye aliona sanduku ni sanduku. Hakuwahi kupanda hiyo pikipiki hata kidogo, angejuaje? Uzito ukiwa kushoto, dereva hana budi kuilaza pikipiki kidogo kulia ili isimwangushe. Ukienda hivyo siku nenda siku rudi, tairi la nyuma linalika upande wa kulia, na kushoto linabaki jipya kama lilivyotoka dukani.

Ndivyo lilivyokuwa tairi lililofungwa kabla ya Pasaka ya mwaka 2006. Kufikia mwezi wa nane upande wa kulia ulikuwa umeanza kung'aa. Fundi wake, Dedan, aliyefanyia kazi chini ya mabati pale Dagoretti Corner, akalitoa, akaligeuza kwenye rimu, ule upande wa kulia ukaenda kushoto na wa kushoto ukaja kulia, ili nao upate zamu yake. Mafundi wengi hufanya hivyo, mradi tairi lenyewe halina mshale wa kuonyesha linakotakiwa kuzungukia. Lenox hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mtu akigeuza kola ya shati lake hatangazi.

Mvua za Novemba zilipokuja, pande zote mbili zilikuwa zimekwisha. Katikati mpira ulisimama kama tuta la viazi, pembeni kukawa laini. Ijumaa moja, akikata kona pale Dagoretti Corner na sanduku limejaa kalenda, gurudumu la nyuma lilimtoroka, akateleza hadi karibu na mtaro, na lori likapita pale pale alipokuwa sekunde moja tu kabla. Dedan alimwona. Alikuja na kitambaa cha mafuta mkononi, akamwonyesha vinundu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji ya tairi.

"Unaona hizi? Mpira ikilika mpaka ikae sawa na hizi, tairi imekwisha. Usidanganywe na hapo katikati. Pikipiki haikati kona na katikati, inakata na hizi pande. Waambie wabadilishe, ama mama watoto wako aanze kununua leso nyeusi."

Ndipo Jumamosi Lenox akaenda kwa Mzee Kibe kwa heshima zake zote, akaomba tairi. Kuomba huko tu kulitosha kumwondolea shaka! Mtu aliyeuza tairi angeita msimamizi aje alikague?

Mzee Kibe alishuka hadi uani, akasimama upande wa kulia ambako hakuna sanduku, akainama, akapapasa. Akainuka polepole.

"Msalaba uko wapi?"

Mzee Kibe alikuwa na tabia moja. Kila tairi jipya alilichoma ubavuni kwa ncha ya msumari wa moto, akaweka msalaba mdogo, kwa sababu aliamini kwamba kila dereva duniani huuza tairi jipya na kufunga kuukuu. Msalaba wa tairi hili aliuchoma upande wa kulia, kwa mkono wake mwenyewe. Lenox naye akainama. Kweli, hapakuwa na msalaba. Mambo ya mwezi wa nane hayakumjia kichwani hata chembe, alikuwa anatafuta msalaba tu kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Mzee, sijui hiyo alama imeenda wapi."

"Hujui," alisema Mzee Kibe, akapanda ngazi.

Sasa, pale kiwandani kulikuwa na maombi kila Jumatatu asubuhi kabla mashine hazijawashwa. Wote walisimama kwa duara kati ya marundo ya karatasi, mmoja akaongoza. Jumatatu hiyo Mzee Kibe aliongoza mwenyewe. Aliombea wagonjwa, akaombea biashara, akaombea nchi. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya huruma.

"Na Baba, umguse ndugu yetu mmoja aliye hapa kati yetu, ambaye shetani alimdanganya akauza tairi ya pikipiki ya ofisi. Umlainishe moyo, akairudishe. Kwa jina la Yesu."

"Amina," waliitikia wote, na Lenox pamoja nao.

Pikipiki ilikuwa moja! Dereva alikuwa mmoja! Hakutaja jina kwa sababu hakuhitaji. Na utamjibu vipi mtu anayeongea na Mungu? Utamkata kauli? Utasema "Mzee, huo ni uongo" katikati ya maombi? Lenox alifumbua macho akaona wenzake wanatazama viatu vyao. Isaiah, mwendesha mashine kubwa, aliyesali naye kanisa moja huko Kawangware, alitikisa kichwa kwa masikitiko. Hapo mlangoni Mzee Kibe akamwambia kwa sauti ya chini alete tairi kabla ya Jumatatu nyingine, la sivyo atafute kazi kwingine.

Damu ilimchemka njia nzima. Alipofika Dagoretti Corner wazo likamjia, na kwa hasira aliyokuwa nayo lilionekana la kweli kabisa. Nani mwingine aliyegusa gurudumu lile zaidi ya Dedan? Hata hakushuka vizuri.

"Dedan! Ulifanyia nini tairi ya watu? Ulinibadilishia, eh? Nimeitwa mwizi kwa sababu yako!"

Watu waliokuwa wakingoja kutengenezewa pikipiki zao waligeuka. Mama muuza mahindi aliacha kupepea makaa. Dedan alikunja uso, akachukua spana, akafungua sanduku la chuma akaliweka chini. Akachovya kitambaa kwenye petroli, akapiga magoti upande wa kushoto, ule wa mnyororo, ambako grisi ilikuwa imeganda ubavuni mwa tairi kama ugali wa jana. Akasugua kwa nguvu. Msalaba ukatokea.

"Mwezi wa nane tuligeuza hii kitu," alisema Dedan. "Ukasimama hapo hapo ukikula mahindi. Umesahau? Nikigeuza tairi, alama itabaki wapi, angani? Na unakuja kuniita mwizi mbele ya wateja wangu!"

Aibu ilimshika Lenox hadi masikioni. Alichofanyiwa saa moja iliyopita ndicho alichokuja kumfanyia mwenzake. Hakumvuta Dedan kando, wala hakunong'ona. Aligeukia wale wateja na mama wa mahindi, akasema kwa sauti ile ile aliyofokea nayo.

"Mmenisikia nikimwita huyu mwizi. Si mwizi. Mimi ndiye nimekosa. Dedan, nisamehe."

"Haya, imeisha," alisema Dedan, na kweli ikaisha.

Lenox alirudi River Road mbio, akamshusha Mzee Kibe hadi uani, akamwonyesha msalaba, akamweleza habari ya kugeuza. Mzee alivaa miwani, akatazama, akakohoa.

"Ala. Kumbe. Basi sawa, yameisha. Nitamwambia mtu wa stoo akupatie tairi mpya."

"Na wale wengine, Mzee?"

"Wengine gani? Mimi sikutaja jina la mtu. Nenda kazini, Lenox."

Akapanda ngazi zake. Umeona? Yameisha! Tairi jipya likafungwa kesho yake, lakini pale ndani hakuna aliyejua zaidi ya kwamba Lenox amebanwa hadi akalirudisha. Walifurahi naye, wajinga wale! Mmoja alimpigapiga bega akamwambia Mungu husamehe. Mwingine, Lenox alipoingia kunywa chai, alihamisha simu yake kutoka mezani akaitia mfukoni. Na Jumapili, kule Kawangware, kikapu cha sadaka alichokuwa akipitisha kila wiki kilikabidhiwa mtu mwingine, na mzee wa zamu akamwambia, "Pumzika kidogo, ndugu." Isaiah alikuwa ameketi kiti cha mbele, anaimba.

Peres, mkewe, hakuimba tena siku hiyo. Walipofika nyumbani alitupa kitambaa chake kitandani.

"Baba Everlyn, huyo mzee wako alisema yameisha?"

"Alisema."

"Yameisha kwake. Mimi nimetembea kutoka kanisani watu wakininyamazia. Hiyo tairi ya zamani iko wapi?"

Lilikuwa kwa Dedan, aliyefunga lile jipya. Jumatatu alfajiri Lenox alilipitia, akalifunga nyuma ya pikipiki. Alipoingia kiwandani wote walikuwa tayari kwa duara. Alilaza tairi sakafuni katikati yao, msalaba ukitazama juu, safi kabisa.

"Leo naomba niongoze maombi," alisema.

Mzee Kibe alitaka kusema kitu, lakini nani anamkataza mtu kuomba? Vichwa vikainama.

"Baba, tunakushukuru kwa hii tairi. Haikuuzwa siku hata moja. Iligeuzwa kwa rimu kwa sababu sanduku linakaa upande mmoja, na alama ikaenda upande wa mnyororo. Anayeona na aione. Umguse, Baba, yule aliyenipaka tope hapa hapa wakati nimefumba macho. Umpe nguvu ya kusema ukweli hapa hapa, macho yakiwa wazi. Kwa jina la Yesu."

"Amina," waliitikia wote, na sauti ya Mzee Kibe ilikuwemo, nzito kama siku zote.

Macho yakafumbuka. Isaiah alilitazama tairi, akaona msalaba.

"Haya, tuanze kazi," alisema Mzee Kibe. "Isaiah, washa mashine."

Isaiah alienda hadi kwenye swichi. Mkono wake ulikaa pale pale juu yake, haukubonyeza. 

"Mzee," alisema Lenox, "umeitikia Amina."

Mzee Kibe alilegeza tai. Akatazama mlango, akatazama ngazi, akatazama tairi.

"Nafikiri kulikuwa na kosa kidogo juu ya ndugu yetu mmoja."

"Mmoja nani? Ana jina."

Watu wazima kumi na zaidi walisimama wakimngoja mzee wa kanisa atamke jina la dereva wake.

"Lenox," alisema hatimaye. "Lenox Were hakuuza tairi. Mimi ndiye nilikosea. Anisamehe."

"Amina," alisema Lenox, na safari hii alijua anaitikia nini.