Ongea, Usiimbe

Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, rangi ya kahawia, na juu yake mto wa kitambaa cha maua. Nilikikuta kwenye baraza siku niliyorudi nyumbani kutoka hospitali, kimegeuzwa kikatazama njia ili kila apitaye anione. Mke wa mwanangu alikuwa amekipangusa vumbi mpaka kinang'aa. Nilikichukia kabla sijakikalia.

Nyumbani kwetu ni mlimani, ukiiacha Emali na malori yake kule chini. Tunaishi wawili, mimi na huyo mke wa mwanangu. Mwanangu mwenyewe anaendesha lori barabara ya Mombasa, na tukimwona ni kwa bahati. Baba yake alishatutangulia.

Moyo ulinishika sokoni nikipepeta ndengu. Taya ziliniuma, mgongo ukaniuma, jasho likanitoka na jua halijapanda. Nikasema ni asidi. Huku kwetu kila kinachouma kati ya shingo na kitovu ni asidi, na dawa yake ni maziwa baridi. Wenzangu wakaniletea maziwa, nikanywa, nikashika ungo tena. Mke wa mwanangu ndiye aliyenitazama usoni akasema hii si asidi, akanisukuma ndani ya gari la mtu aliyekuwa akishusha vitunguu, mimi nikiwa bado nabishana naye. Hospitalini waliona mshipa mmoja wa moyo umeziba. Wakapitisha waya mkononi hadi kwenye moyo, wakauzibua, wakaacha kijimrija ndani ili njia isijifunge tena.

Kwa hayo nashukuru, nisionekane sina adabu. Lakini nilichotaka baada ya hapo kilikuwa kitu kimoja tu, na kila mtu aliyenipenda alisimama mbele yake. Tuna kikundi cha kazi, mwethya. Leo tunachimba mitaro shambani kwako, siku nyingine kwangu, tukipandisha udongo juu ya mtaro uwe ukuta wa kushika maji ya mvua. Zamu yangu ilikuwa ifike kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Katika mwethya yetu mimi ndiye mwanzishaji wa wimbo. Majembe yakipanda naita, yakishuka wanaitikia, na mlima unachimbika bila mtu kujua amechoka. Mwanachama akizeeka au akiugua huwekewa kiti pembeni, hupewa uji wa kwanza, huanza kuitwa susu, yaani nyanya, hata na walio rika lake, na wimbo wake huchukuliwa na mwingine. Sijawahi kuona mtu akirudi mtaroni kutoka kile kiti. Nilitaka siku ya zamu yangu inikute ndani ya mtaro nikiimba.

Hospitali ilinipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinamtafuta. Alitutembeza kwenye korido, sisi wagonjwa wa moyo, tukienda na kurudi. Akasema dawa peke yake haitoshi, moyo ni msuli, nao hurudishiwa nguvu kwa kutembea kila siku, kidogo kidogo, mwendo ukiongezwa. Nikamuuliza nitajuaje kwamba mwendo ni sawa.

"Ukitembea, mama, uweze kuongea lakini usiweze kuimba," akasema. "Ukishindwa kuongea umejichosha, simama. Ukiweza kuimba, hapo haujafanya kitu, ongeza mwendo."

"Mimi nimechimba mlima mzima nikiimba," nikamwambia.

"Basi labda ulikuwa umezoea sana," akasema, akicheka kidogo.

Kile kicheko kilinikaa kooni mpaka Emali. Umri wangu wote nimeimba na jembe mkononi, halafu mtoto wa watu aniambie wimbo ni alama ya kutofanya kazi! Lakini nilikuwa nimetoka kwenye mlango wa kaburi, na anayetoka huko hufuata masharti. Nikasema sawa, nitatembea niongee, nisiimbe.

Sasa jaribu kutembea kwetu. Asubuhi ya kwanza nilishuka njia ya mtoni mikono mitupu, nimevaa raba. Kabla sijafika kwenye kona, jirani mmoja akatoka mbio akiuliza nani amekufa. Kwake, mwanamke mzima anayetembea haraka bila mzigo anakwenda kwenye msiba. Nikamwambia hakuna aliyekufa, natembea tu.

"Kutembea tu? Unaenda wapi?"

"Siendi popote. Ni daktari amesema."

"Aii, daktari gani huyo? Na wewe ni mgonjwa! Si ukae, upone kwanza?"

Akanishika mkono, na kwetu mtu akikushika mkono huwezi kuunyofoa kama unayeshikwa na polisi. Lazima umjibu habari za nyumbani, za mbuzi, za mvua ya kule kwa wakwe. Nilipoachiliwa moyo ulikuwa umepoa kabisa, ni kama sikuwa nimetoka nyumbani. Hatua chache mbele, mwenye bodaboda akasimama na kusema, "Panda susu, nikufikishe." Nikakataa. Akazima pikipiki, akanibembeleza, akaniambia ni bure. Alipoona nimekaza shingo aliondoka akitikisa kichwa, na jioni habari ilikuwa imeshafika kanisani kwamba ugonjwa umepanda kichwani.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Natamani mhenga huyo angepata ugonjwa wa moyo kisha akae mlimani kwetu. Nililetewa uji, mayai, supu ya kichwa cha mbuzi iliyojaa mafuta, yaani kile hasa nilichokatazwa. Nikiinuka kuchukua kikombe, mtu anakichukua. Nikishika ufagio, unatoka mkononi mwangu wenyewe. Watu wazima walisimama kunizunguka wakinitazama kifua.

Ndipo nikapata akili ambayo niliiona ni kubwa. Nikachukua mtungi wa maji, mtupu, nikaufunga mukwa, ule ukanda wetu wa kubebea mgongoni unaopita kwenye kipaji cha uso, nikashuka nao mtoni. Mwanamke mwenye mtungi haulizwi anakwenda wapi. Hakuna aliyenishika mkono muda mrefu, maana mwenye kwenda kuchota maji ana haraka. Bodaboda zilinipita. Nilitembea nikiongea peke yangu taratibu, kuhesabia pumzi, nikafika kwenye mchanga wa mto, nikageuka na mtungi wangu mtupu, nikapanda mlima. Nilifanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi, na mwendo ukaongezeka. Kwenye kona ya mkwaju, pale nilipokuwa nasimama kuhema, nikaanza kupita. Nilijisikia mjanja kweli.

Jumapili moja mke wa mwanangu alirudi kutoka kanisani macho mekundu. Hakunisalimia. Alichukua mtungi wangu, akautia ghalani pamoja na magunia ya mbaazi, akafunga kufuli.

"Ni nini?" nikauliza.

"Mwaitu, wameniweka katikati," akasema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na huniita hivyo hata akiwa na hasira. "Akina mama wa kanisa. Wananiuliza kama sina aibu, mama ya bwana yangu ametoka hospitali na mimi namtuma maji, nimelala. Eti wanakuona kila asubuhi na mtungi."

"Mtungi ni mtupu!"

"Nitawaambiaje? Kwamba mama yetu anabeba mtungi mtupu kwenda mto na anarudi na mtupu? Si watasema umechizi, na mimi ndiyo nimekuchizisha?"

Nikampigia kelele kwamba mlima mzima unataka kuniua kwa huruma, na yeye ndiye kiongozi wao. Naye akanijibu, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Ukianguka huko mto, ni mimi nitasema nini? Ni mimi niliona uso yako siku ile kwa soko. Wewe haukujiona."

Akaingia jikoni. Nikakaa kwenye kile kiti kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa, nikalia kwa hasira. Siku zilizofuata sikutoka. Miguu ikaanza kuwa mizito, na nikasikia kwamba mwenyekiti wa mwethya amemwambia mwanamke mwingine ajizoeze nyimbo zangu. Hakuna aliyeniambia kwa ubaya. Waliniambia ili nisiwe na wasiwasi.

Siku ya kurudi hospitali, mke wa mwanangu alisema atanisindikiza. Nilijua anakwenda kunishtaki. Alisimama pembeni ya korido, kanga imefungwa kiunoni, akamtazama yule kijana akitutembeza na kutuuliza maswali, huyu majina ya wajukuu wake, yule alichokula jana. Mwishoni akamfuata, akamuuliza kama ni kweli mtu mwenye moyo mbaya anatakiwa achoke. Kijana akamweleza ile habari ya kuongea na kuimba, bila kucheka safari hii. Akaongeza kwamba jembe pia sasa naruhusiwa, kidogo, kwa kipimo hicho hicho, nikae pindi maneno yanapokatika. Nilidhani mambo yamebaki palepale.

Kesho yake asubuhi nilikuta kufuli ya ghala imefunguliwa. Sikugusa mtungi, kwa kiburi. Nilianza kuzunguka boma letu na kupanda kingo za mitaro ya zamani nyuma ya nyumba. Nilipofika juu, sauti ikatoka jikoni.

"Mwaitu! Chumvi uliweka wapi?"

"Kwenye rafu!"

Nikazunguka tena.

"Mwaitu! Ile kuku nyeupe ilikuwa ya nani?"

Ilikuwa yetu, na alijua ni yetu. Nilisimama nikaelewa, kisha nikakasirika upya. Nimlee mwanangu, nimwozeshe, halafu mkewe anipime pumzi kwa maswali ya chumvi na kuku! Lakini nilijibu. Aliniuliza kila siku, akiwa anapepeta, akiwa anakamua mbuzi, maswali ya kijinga ya kuniudhi makusudi, na jibu langu likichelewa hutokeza mlangoni akanitazama mpaka nikae. Hakunisifu hata mara moja. Sikumwambia asante pia.

Zamu yangu ikafika. Akina mama walipanda na majembe mabegani, udongo ukiwa mkavu na mawingu yakianza kukusanyika upande wa Kibwezi. Mwenyekiti wa mwethya alinikumbatia, kisha akaingia nyumbani kwangu mwenyewe, akatoka na kile kiti cha kahawia, akakiweka kwenye ukingo wa mtaro pamoja na mto wake wa maua.

"Kaa hapo, susu," akasema. "Leo utaangalia tu."

Nikapita kando ya kiti. Nikatwaa jembe, nikateremka mtaroni, nikasimama kwenye mstari. Nikapiga la kwanza. Nilipoinua la pili niligundua kwamba hakuna sauti nyingine ya jembe mlima mzima. Wote walikuwa wamesimama wakinitazama kifua. Nikapiga la tatu peke yangu. Sijawahi kuwa mpweke hivyo katikati ya watu, na machozi yalikuwa karibu kuniaibisha.

Mke wa mwanangu akaingia mstarini, karibu nami.

"Mwaitu, ongea," akasema.

"Niongee nini?"

"Chochote. Daktari alisema uongee. Tuambie yote."

Basi nikaongea. Nilipiga jembe nikawaambia kuhusu supu yao ya mafuta. Nikapiga tena nikamtaja aliyeuliza nani amekufa, naye akaficha uso kwa leso. Nikawaambia akina mama wa kanisa waliomliza mke wa mwanangu bure kwamba mtungi ulikuwa mtupu, mtupu, na kwamba bila msichana huyu wangekuwa wamenichimbia shimo la aina nyingine. Mtu akacheka. Jembe moja likashuka pamoja na langu, kisha mengine, na wakaanza kuniitikia mwisho wa kila tusi, "Ni kweli!" kama wanavyoitikia wimbo. Udongo ulipanda ukingoni. Nilikuwa nimewafikia wenye bodaboda pale neno liliponikatikia mdomoni. Nikavuta pumzi ili nilimalizie, likakataa.

"Kaa," akasema mke wa mwanangu, bila kuinua kichwa.

Nilipanda nikakaa. Hapakuwa na kiti kingine. Nililaani plastiki ile moyoni, nikahema, nikawatazama wakichimba kimya, kila mtu kwa wakati wake, majembe yakigongana ovyo. Yule aliyejizoeza nyimbo zangu akaanzisha, juu mno, ikamshinda. Nikavumilia kadiri nilivyoweza. Kisha nikaita mimi, kutoka kwenye kiti, ubeti wa kwanza. Wakaitikia. Nikaita wa pili, sauti ikatoka nzima, bila mkwaruzo, na majembe yakashuka pamoja. Nilikasirika kwamba ilitoka vizuri hivyo nikiwa nimekaa. Niliimba hata hivyo, mpaka mwisho.

Mke wa mwanangu akasimika jembe lake, akapangusa jasho, akaniangalia.

"Mwaitu, unaimba," akasema. "Haya, teremka. Umepumzika ya kutosha."