Fuko wa Akheri

Mama alikuja kwetu Tengeru baada ya msiba wa baba, na begi moja dogo, na kabla hajakaa akatangaza: "Mimi nipo mpaka viazi vyenu vichimbwe. Vikishachimbwa, narudi kwangu." Kwake ni kule juu, karibu na Momela, kwenye nyumba ambayo sasa haikuwa na mtu hata wa kumwambia chai imepoa. Sikutaka kabisa arudi huko. Lakini mama yangu ni Mmeru wa zamani, na kwake mama kukaa kwa mkwewe bila sababu ni aibu ya kusemwa mpaka kanisani. Mume wangu alipomwambia, "Mama, hapa ni kwako," alimshukuru vizuri, kisha akauliza viazi vimefikia wapi.

Viazi vilikuwa Akheri, kwenye kipande tulichokodi katika shamba ambalo kikundi fulani kimeligawa kwa watu kama sisi, wenye hamu ya kulima na walio mbali na mashamba ya kwao. Nilikuwa nimeshajitapa vya kutosha. Majirani niliwaambia wasihangaike na viazi vya sokoni, watakula vya kwangu. Majani yalistawi mpaka nikayapiga picha na kuyatuma kwenye grupu la ukoo.

Palizi mama aliichukua yeye. Kila Jumatano alipanda Akheri peke yake na jembe, akarudi jioni ametulia, na chakula cha usiku hakigusi. Nikaogopa kwamba ni majonzi ya baba yanamla.

Siku ya kuchimba nilibeba magunia. Nikang'oa shina la kwanza, nikapata vya ukubwa wa gololi. La pili, vivyo hivyo. Lililofuata lilikuwa na mizizi mitupu. Mwanamke wa kipande cha jirani, ambaye tangu tugombanie mpaka alikuwa hanisemeshi, alikuja kusimama karibu ili aone vizuri. "Pole, dada," akasema, na pole yenyewe ilikuwa na kicheko ndani. Nilitamani ardhi inimeze, ila kwa ilivyonifanyia siku ile sikuwa na imani kama ingeweza hata hilo. Shamba zima lilitoa ndoo moja, tena haikujaa.

"Fuko," mama akasema, kabla sijamuuliza. "Fuko wa huku ni mjanja sana."

Mimi nimekulia Momela, fuko namjua. Huacha vilima vya udongo, na shina alilolipitia hunyauka. Huyu hakuacha kilima hata kimoja. Alichimba pembeni taratibu, akatoa vikubwa, vidogo akaviacha, kisha akafukia na kushindilia kwa kiganja. Nyuma ya migomba palikuwa na majivu na maganda ya viazi vya kuchoma.

Nikamtazama mama. Alikuwa anakaza fundo kwenye pindo la kanga yake.

"Basi mama," nikasema, "ndiyo vimeshachimbwa."

"Haya unayaita mavuno?" akanijia juu. "Nitarudije kwangu na haya? Wakiniuliza nilikuwa nalima nini huko kwa mkwe, niwajibu nini? Tupande tena."

Nilifurahi mpaka macho yakanilowa, ikabidi niiname nijifanye naokota gololi zangu.

"Huyu fuko hana adabu, mama," nikasema nikiwa chini.

"Hana kabisa," akajibu, wala hakupepesa jicho.

Mume wangu nilipomsimulia usiku, alicheka mpaka akajifunika mto asisikike chumba cha pili. Akasema asije mtu akaleta mtego nyumbani kwake.

Kesho yake nilichukua kanga ya mama kuifua. Nikafungua lile fundo kwenye pindo, nikakuta chumvi. Kanga ilipokauka nikafunga chumvi nyingine palepale, safari hii ya kutosha msimu mzima.